Bawabu wa Jumanne

Kila Jumanne jioni, wanaume wa mji mdogo wa Talbot hukutana katika ukumbi wa zamani wa zimamoto. Hupika, hula, hunyoana nywele na kupimwa shinikizo la damu. Kisha hukaa kwenye duara, kila mtu akasema lililo moyoni mwake. Wengine ni Wagitxsan, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wenye mto na milima ya hapo tangu enzi na enzi. Wengine ni Wazungu ambao babu zao walikuja kukata miti. Wapo na watoto wa Wapunjabi waliokuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kiwanda kilipofungwa, wote walibaki na mikono mitupu. Ndipo walipoanzisha Chama cha Jumanne, maana wanaume wa Talbot walikuwa wanakufa kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alidai hana tatizo.

Chama kina masharti mawili tu. Linalosemwa kwenye duara halitoki nje. Na anayeingia awe hajanywa pombe.

Bawabu wa sharti la pili alikuwa Vernon, Mgitxsan mwenye mabega mapana na sauti nzito ya kukwaruza. Alisimama mlangoni akimwambia kila mtu, "Pumua." Ukipumua naye akaridhika, unapita.

"Leo nimekula vitunguu, mwanangu," mjomba wake, mzee Abel, alimwambia siku moja. "Nikipumua utaanguka."

"Pumua, Mjomba."

Mzee akapumua. Vernon akakunja uso, watu wakacheka. Vernon hakucheka. Vernon alikuwa hajacheka kwa muda mrefu.

Alikuwa na hasira. Si hasira ya kuja na kupita. Ilikuwa hasira iliyopiga kambi.

Majira mawili ya baridi yalikuwa yamepita tangu mdogo wake, Lyle, afariki. Lyle alikuwa na kisukari. Siku ile alijichoma sindano ya insulini, lakini kabla hajala, jirani akamwita amsaidie kusukuma gari lililokwama kwenye theluji. Akasukuma, chakula akakisahau. Punde akaanza kutetemeka. Akatoka jasho, miguu ikayumba, ulimi ukawa mzito. Akajikokota mwenyewe mpaka hospitali ya mji.

Hospitalini wakamwona Mgitxsan anayumba. Basi, kwao hiyo ilitosha. Hawakumuuliza kitu. Hawakumchoma hata kidole kimoja kupata tone la damu. Walisema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Wakamkalisha kwenye kiti cha pembeni. Asubuhi mfagiaji alipomgusa bega, Lyle alikuwa baridi.

Mwili ulipopimwa, haukukutwa na hata tone moja la pombe. Hospitali ikatoa tamko kwamba inasikitishwa na "tukio hilo". Tukio! Kana kwamba ni tawi lililoanguka barabarani. Hakuna aliyetaja jina la Lyle. Hakuna aliyesimama mbele ya mama yake akasema, "Ni mimi."

Kila Jumanne, zamu yake ikifika kwenye duara, Vernon alisema habari hiyohiyo kwa hasira ileile. Wenzake walisikiliza. Walijua kwamba jipu halijatumbuka.

*

Jumanne moja ya baridi kali, theluji ilikuwa inaanguka tangu mchana. Supu ya samaki aina ya samoni ilikuwa inachemka na mkate wa kukaanga ulikuwa umeshaiva. Watu walikuwa mezani alipotokea Gord.

Gord alikuwa Mzungu, dereva wa malori ya magogo. Zamani alikuwa mlevi wa kupindukia, mji mzima ulimjua. Sasa ilikuwa mwaka wa pili hajagusa chupa, na chama kilimpigia makofi kwa hilo. Lakini jioni hiyo alikuja akiyumba. Vifungo vya koti lake vilikosana na matundu. Uso ulilowa jasho, na nje maji yalikuwa yanaganda.

"Vern," alisema polepole. "Sijisikii... sijisikii vizuri, bwana."

"Naona," Vernon alimjibu.

"Nataka kukaa tu. Nikae kidogo."

"Pumua."

Gord akacheka kicheko cha kijinga. Kisha, ghafla, akakasirika. "Nipishe wewe, mpumbavu!" Akamsukuma Vernon kifuani.

Damu ikampanda Vernon kichwani.

"Umelewa, Gord! Unasema umeacha, sisi tunakupigia makofi, kumbe unatucheza shere?"

"Si... mimi si..." Ulimi wa Gord ukagoma.

"Hata kusema huwezi! Nenda kalale kwenye gari lako. Pombe ikikutoka, ndipo urudi."

Akamgeuza kwa bega, akamtoa nje na kufunga mlango.

Akarudi mezani, akavuta bakuli lake.

Mzee Abel alimtazama. "Kwani alinuka pombe?"

"Mjomba, si umemwona anavyoyumba?"

"Nimeuliza kama alinuka."

"Mlevi ni mlevi," alisema Vernon. "Ukimwona humnusi." Akaanza kula.

Muda si mrefu mlango ukapigwa teke. Akaingia Harjit, muuguzi wa chama, theluji kilembani. Baba yake alifanya kazi miaka mingi na Vernon kwenye kiwanda cha mbao, na Harjit mwenyewe walimjua tangu akiwa mtoto anayeiba mkate jikoni. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Nani amemwacha Gord kwenye pikapu? Mlango uko wazi, funguo zimeanguka kwenye theluji, mtu anatoka jasho kama yuko jikoni!"

"Ngoja nikuambie," Vernon alisema. "Amelewa. Nimemfukuza mimi."

"Umempima?"

"Nimpime nini? Nimemwona!"

Harjit alimkazia macho. "Na Lyle nao walimwona," alisema. Akatoka mbio.

Maneno yale yalimwingia Vernon kama maji ya mtoni wakati wa baridi kali. Alisimama akapindua bakuli, supu ikamwagika mezani. Alikimbia bila koti.

*

Gord alikuwa ameinamia usukani. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumtambua mtu. Harjit akamshika mkono, akamchoma ncha ya kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo. Namba zikatokea.

"Mbili nukta moja," alisema Harjit. "Ikishuka chini ya nne ni hatari. Huyu hajalewa. Sukari imemwishia mwilini! Leteni soda, upesi!"

Mtu mmoja alirudi na kopo. Harjit akalisoma, akalitupa kwenye theluji.

"Hii haina sukari! Haya ni maji ya rangi!"

"Zote ndivyo zilivyo!" yule mtu alipiga kelele. "Si wewe mwenyewe uliyetuambia tuondoe sukari yote ukumbini? Tukaondoa!"

Ilikuwa kweli. Harjit alikuwa amewahubiria miezi sita, wakamtii mpaka ukumbi mzima ukakosa hata kijiko cha sukari.

"Sogeeni," sauti ilisema. Alikuwa mzee Abel, akikohoa. Aliingiza mkono ndani ya bitana ya koti lake, akatoa vipande vya sukari vilivyofungwa kwenye leso.

"Mjomba!" Vernon alishangaa. "Kumbe unaficha!"

"Chai bila sukari ni adhabu. Nitatubu kesho. Chukueni!"

Gord alikuwa mbishi. Alitupa ngumi hewani, akatukana mama za watu. Vernon akapanda garini, akamkumbatia kwa nyuma ili asijiumize.

"Bado anaweza kumeza," Harjit alisema. "Ndiyo maana tunampa. Angekuwa amezimia, nisingemtia chochote mdomoni, angepaliwa. Ningemlaza ubavu na kuita gari la wagonjwa. Gord! Tafuna hii. Tafuna, kaka. Na hii. Mbili bado."

Gord alitafuna. Wakangoja robo saa, theluji ikiwaangukia mabegani. Vernon alihisi moyo wa yule mtu unavyokimbia mgongoni mwake, akawa anasema chini kwa chini, "Usife. Usife, mjinga we. Usinifie mikononi."

Harjit akapima tena. Namba ilikuwa imevuka nne. Gord akapepesa macho.

"Vern," alisema. "Mbona umenikumbatia kama bibi harusi?"

*

Walimwingiza ndani, wakampa supu na mkate ili sukari isishuke tena. Baada ya kula, Gord alikumbuka. Akaweka kijiko chini.

"Nilikuambia sijisikii vizuri."

"Ulinisukuma," alisema Vernon.

"Nilikuambia sijisikii vizuri!" Gord alipiga meza. "Ukaniambia nikalale garini. Kwenye baridi hii! Mbwa wako ungemtoa nje?"

"Na wewe kwa nini hukusema una kisukari?" Vernon naye alipaza sauti. "Miaka miwili tunakaa duara moja, umeficha! Ningejuaje?"

"Ningesema ili iweje? Dereva akisema anajichoma insulini, kesho anaulizwa maswali, kesho kutwa hana usukani. Nimezoea kuficha. Wewe je? Ulikuwa huna haja ya kujua. Ulikuwa na haja ya kuuliza!"

Vernon alitamani Gord angekuwa amelewa kweli. Alitamani mtu amtukane zaidi ili apate wa kumpiga. Lakini aliyestahili kupigwa alikuwa yeye mwenyewe.

Harjit alivuta kiti. "Na mimi nina kosa," alisema. "Niliwafundisha kuogopa sukari ikizidi, sikuwafundisha ikipungua. Sasa nisikilizeni. Mwenye kisukari akitumia dawa asile, au akifanya kazi nzito, au akinywa pombe bila kula, sukari inaweza kushuka ghafla. Ubongo unakosa chakula. Anatetemeka, anatoka jasho, anayumba, anasema ovyo, anaweza hata kupigana. Ukimtazama, utaapa ni mlevi."

"Tutamjuaje sasa?" aliuliza mzee Abel.

"Kwa macho humjui. Mimi mwenyewe simjui. Ndiyo sababu tunapima. Kama huna kipimo na mtu anaweza kumeza, mpe kitu cha sukari hata hivyo: soda ya kawaida, juisi, vipande vinne vya sukari. Ngoja robo saa. Asipopata nafuu, mpe tena na uite msaada. Akipata nafuu, mpe chakula. Ukikosea, umempa mlevi soda. Usipompa, unaweza kumzika mtu."

"Na kama ni mlevi kweli?" mtu mmoja aliuliza. "Sharti la mlango linavunjika."

"Mlevi naye sukari hushuka," alisema Harjit. "Mlevi naye huganda kwenye theluji."

Vernon alikuwa amejishika kichwa. "Mjomba," alisema hatimaye. "Nimemtia mtu aibu mbele ya watu. Nataka kuosha."

Mzee Abel ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao, upande wa mama, na neno la kuosha si la kutamkwa ovyo. Kwa Wagitxsan, aibu uliyomtia mtu hadharani haifutwi chumbani. Unawaita watu, unawalisha, unasema kosa lako kwa mdomo wako, na unampa zawadi uliyemkosea. Na kila aliyekula chakula kile ni shahidi. Hawezi kesho kusema hakusikia.

"Gord si mtu wa ukoo wowote wa kwetu," mzee alisema.

"Ana uso, Mjomba. Nimeupaka matope."

"Vema. Utawalisha watu. Lakini mashahidi nitawaalika mimi." Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na waliomjua wakajua kuna jambo.

*

Karamu ilifanyika katika ukumbi wa Wagitxsan. Dada yake Vernon, Doreen, na jamaa zake walipika siku mbili: samoni wa kukaushwa kwa moshi, nyama ya paa mkubwa wa porini, viazi, na matunda ya msituni. Vernon alipofika alimwona mjomba wake amekalisha mbele kabisa wageni wawili. Mmoja alikuwa mkurugenzi wa hospitali, Bwana Hallworth, aliyevaa tai. Wa pili alikuwa nesi wa makamo, Colleen. Vernon alimjua. Ndiye aliyekuwa zamuni usiku ule wa Lyle.

"Mjomba, umewaleta hawa hapa?" Meno ya Vernon yalisagana. "Ili wale samaki wangu?"

"Wale," alisema mzee. "Wale mpaka washibe."

Wakala. Kisha Vernon akasimama mbele ya watu.

"Mimi ni Vernon," alisema. "Jumanne ile, Gord alikuja mlangoni kwangu mgonjwa. Aliniambia anaumwa. Nilimwona anayumba, nikasema mlevi. Nikamtoa kwenye theluji. Nilimwambia, 'Pombe ikikutoka, ndipo urudi.' Hakunuka pombe. Hakuna aliyenilazimisha. Ni mimi. Angekufa, ningekuwa nimemuua mimi, huku nikijiona mwema."

Akamfunika Gord mabegani kwa blanketi jipya, akaweka mbele yake sanduku la samoni wa moshi. Gord alijikaza, lakini kidevu kilimcheza.

"Nimekubali," alisema Gord. "Na samaki nimewakubali zaidi." Watu wakacheka, na pumzi zikashuka.

Lakini Vernon hakukaa. Aligeukia meza ya mbele.

"Hivi ndivyo inavyofanywa," alisema, na sauti ikapanda. "Haikuniua. Mmeona, haikuniua! Ni siku chache tu tangu nikosee, leo nimesimama. Ninyi mna majira mawili ya baridi. Mama yangu anapita mbele ya hospitali yenu kila akienda dukani, na hajasikia jina la mwanawe likitajwa na mmoja wenu."

Bwana Hallworth alirekebisha tai. "Tunaelewa uchungu wenu," alisema. "Lakini lazima ieleweke kwamba usiku ule wahudumu waliamini kwa dhati kuwa alikuwa amelewa."

"Tuseme alikuwa amelewa," Vernon alisema. "Mlevi hafi?"

Mkurugenzi alitazama sahani yake, na sahani ilikuwa tupu. Alikuwa amekula chote.

"Umekula, bwana," mzee Abel alimwambia taratibu. "Sasa umesikia."

Kiti kikakwaruza sakafu. Colleen alikuwa amesimama. Mkurugenzi alimgusa kiwiko, naye akakiondoa kiwiko chake.

"Jina lake Lyle," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakainama mbele wamsikie. "Nilikuwa mimi zamuni. Aliniambia, 'Dada, naumwa.' Mimi ndiye niliyesema mwacheni alale. Kipimo cha sukari kilikuwa mfukoni mwangu. Kilikuwa mfukoni mwangu usiku kucha."

Mama yake Vernon, aliyekuwa amekaa kama gogo tangu karamu ianze, alifunika uso kwa mikono yake na kulia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

Kabla theluji haijayeyuka, hospitali ya Talbot iliweka amri mpya: yeyote anayefika akiyumba, hata akinuka pombe namna gani, hapewi kiti mpaka achomwe kidole na kuulizwa jina. Colleen ndiye aliyewafundisha wenzake, na Harjit alimsaidia. Kwenye Chama cha Jumanne, sukari ilirudi ndani ya chupa iliyoandikwa "Ya dharura, Abel usiguse." Gord alimweleza daktari na mwajiri wake ukweli. Alipumzishwa kidogo, akafundishwa kupima kabla ya kushika usukani, akarudi kazini. Na Vernon bado ni bawabu, ila siku hizi hasemi "Pumua." Anasema, "Karibu. Unajisikiaje?" Aliyelewa naye haendi kwenye theluji. Anakalishwa karibu na jiko, na mtu mmoja anakaa naye mpaka apelekwe kwake.

Lakini usiku ule wa karamu hayo yote yalikuwa bado. Usiku ule Colleen alikuwa amesimama peke yake katikati ya ukumbi, hajui akae au aondoke. Hasira ya Vernon haikuwa imekwisha, na haitakwisha leo wala kesho. Alimwendea hata hivyo.

"Rudia jina lake," alisema.

"Lyle," Colleen akasema.

Vernon akamvutia kiti karibu na mama yake.